Dua ya Mpuliza Tarumbeta

Nilimtukana mzee wa watu kwa shairi la mizani iliyotimia, naye akaliimba kwa miaka sita akiamini ni dua. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na nimeitanguliza ili asije mtu akasema nilimvuta kwa hila. Mimi si mwema katika kisa hiki. Nina ulimi, niliurithi kwa shangazi, na nilichofanya nao Sydney, miaka michache baada ya Olimpiki, kinanikosesha raha mpaka leo.

Nilizaliwa Tanga, katika nyumba ya mashairi. Baba alikuwa karani wa reli aliyetuma tungo zake gazetini na redioni, na tangu nikiwa darasa la tatu mimi ndiye niliyemhesabia mizani. Yeye anasoma kwa mahadhi, mimi nakunja vidole: nane za kipande cha kwanza, nane za kipande cha pili, mshororo umetimia. Silabi moja ikipungua alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeiiba. Shangazi naye aliimba taarabu, na kwake niliona kazi nyingine ya maneno. Mtu akikurushia la kwako mbele za watu, alikuwa akisema, usilie wala usimjibu papo hapo kwa hasira. Tafuta panapomuuma, umpe kwa vina, awe hana pa kushika. Kwa baba nilijifunza kuhesabu, kwa shangazi nilijifunza kuuma.

Sydney nilikwenda kusomea uuguzi. Nilipanga Kensington, karibu na chuo kikuu, nyumba moja na wanafunzi wengine wa Kiafrika. Chumba cha pili alikaa dada mmoja Mkenya, naye akisomea uuguzi, tofauti yetu ikiwa kwamba yeye alifaulu. Mimi nilianguka mara mbili katika somo moja hilo hilo, nikaondolewa. Nikaenda chuo kidogo cha mjini, nikachukua cheti cha kutunza wazee, nikapata kazi katika nyumba ya wazee upande wa Liverpool, kitongoji cha magharibi ya Sydney.

Kazi ile niliipenda, nasema kweli. Lakini sikumwambia mtu. Baba alishaitangazia Tanga nzima kwamba binti yake yuko chuo kikuu, na mimi sikuwa na moyo wa kumvunjia hadhi. Basi nikaendelea kukaa Kensington. Nilikuwa nikipanda basi, kisha treni, mwendo wa saa nzima na zaidi, kwenda kuosha migongo ya wazee, na wakati wa kurudi nashuka kituo cha chuo na mkoba wa vitabu begani. Yule Mkenya peke yake ndiye aliyejua, akawa ananicheka: "Wewe, si uhame tu ulale karibu na job?"

Tangazo la mzee nililiona mahali tulipokuwa tukifulia nguo kwa mashine. Lilikuwa limeandikwa kwa mkono: mshairi na mpiga tarumbeta anatafuta msomaji wa mashairi ya Kiafrika. Nilimpigia simu ili tu nimwambie kwamba Kiafrika si lugha. Ndivyo nilivyo. Alicheka mpaka akakohoa, akasema basi nije nimfundishe.

Alikuwa mtu wa kisiwa kimoja cha Karibi, umri unakaribia sabini, mrefu, mkavu, mwenye koti la suti hata siku za joto kali. Aliishi Macquarie Fields, mbele kidogo ya Liverpool, katika nyumba ya serikali yenye zulia lililochanika na rafu za vitabu mpaka chooni. Mashairi yake aliyaandika kwa Kiingereza cha kwao. Akisimama mbele za watu alisoma mistari miwili mitatu, kisha katikati ya sentensi ananyanyua tarumbeta na kuimalizia humo. Nyuma yake walikuwepo mpiga besi na mpiga ngoma, wazee wenzake, na Jumapili mchana walipiga katika chumba cha nyuma cha klabu moja ya wazee, watu thelathini wakizidi sana.

Kwetu Tanga bendi ya jazi ni magitaa, na watu wanainuka kucheza. Huku watu walikaa wamefumba macho kama wanaoumwa meno. Siku ya kwanza nilidhani hawakupenda.

Kitabu chake kilikuwa na shairi refu kuhusu bibi yake, na ndani yake kurasa tatu zilikuwa tupu. Aliniambia hapo ndipo ingekuwa lugha ya watu wake, ile iliyopotea baharini, na kwamba akifika hapo huwa anapiga tarumbeta tu. Sasa alitaka sauti ya mtu. Nikamwambia wazi kwamba watu wake pengine walitoka Afrika Magharibi, na Kiswahili huenda hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukisikia.

"Najua," alisema. "Yangu iliibwa. Nikija kuazima ya jirani, utaninyima?"

Nikawa nakwenda kwake kila Alhamisi asubuhi, siku yangu ya mapumziko. Nilimletea tungo za baba, naye alihesabu kwa kisigino cha kiatu. Silabi kumi na sita zilimfurahisha kupita kiasi. Aliniambia ni mapigo manne mara nne, kwamba baba yangu ni mtu wa jazi bila kujua. Akaanza kuniita profesa kwa sababu ya kuhesabu kwangu vidole, neno ambalo lilinichoma kidogo kila alipolitamka. Mimi nilimwita mzee, akalipenda, akawa analivuta kama wimbo: mzee, mzeee.

Baba alinifundisha kwamba mshororo ukishauanza unaufikisha. Yeye alitaka nisimame katikati, baada ya kipande cha kwanza, nimwachie tarumbeta nafasi. Mara ya kwanza ilipoingia hapo nilihisi mtu kaingia chumbani bila kupiga hodi. Baada ya wiki tatu nilikuwa namngoja. Kuna mambo nimeyafanya vizuri maishani mwangu, machache, na kumngoja mzee yule katikati ya mshororo ni mojawapo.

Mchana tulikula. Alipika wali na mbaazi za nazi, na kwetu hizo ndizo za asubuhi, na mahamri. Yeye alidhani ni chakula cha kisiwani kwao peke yake. Tulibishana nazi iingie lini, tukabishana sana, na hakuna aliyeshinda.

Siku moja, tunachambua mbaazi, aliniambia habari za binti yake. Alimwacha akiwa na miaka saba. Bendi yao ilipata kazi melini, akamwahidi atarudi baada ya miezi sita, mtoto akasimama mlangoni analia, na yeye hakugeuka kwa sababu alijua akigeuka hataondoka. Meli moja ikazaa nyingine. Sasa binti alikuwa mtu mzima Uingereza na barua za baba yake hakuzijibu. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, vidole vikiendelea kutupa mbaazi mbovu. Nami, kwa kuwa alinipa lake, nikampa langu: chuo, kuanguka, mkoba wa vitabu. Hakucheka. Alisema nikimwosha mtu mgongo naye akalala vizuri, hilo ni jambo la kuimbwa.

Kuna kitu kingine alinieleza, na sitajisingizia kwamba hakunieleza. Kisiwani kwao, msimu wa sherehe, waimbaji husimama wawili wakitazamana na kurushiana beti zisizoandikwa: tumbo lako, mkeo, kazi yako, meno yako. Anayekasirika ameshindwa. Anayejibu kwa makali zaidi hukumbatiwa na mwenzake, wakaenda kunywa. Aliyasema hayo mimi nikiwa nasuuza sufuria, na nilikuwa naitikia tu, ehe, ehe.

Halafu ukaja ule mchana wa Liverpool.

Ilikuwa Jumamosi, ukumbi wa jumuiya, sherehe ya kuzipokea familia mpya za Warundi waliotoka makambini Tanzania. Kulikuwa na wali, sambusa, watoto wanaokimbizana kwa Kiingereza, Wakenya wengi, na Watanzania wachache, mmoja wao mama wa Tanga aliyezungumza na nyumbani kila Jumapili kwa kadi ya simu ya kukwangua. Mimi ndiye niliyemwalika mzee. Nilitaka kuwaonyesha watu wangu kwamba nina kitu.

Tulianza vizuri. Nilisoma ubeti wa baba, akaingia katikati, nikamaliza, watu wakapiga makofi. Ndipo akaishusha tarumbeta, akanigeukia uso kwa uso, besi ikiendelea, na akaanza kunitungia pale pale kwa Kiingereza. Alisema huyu hapa malkia wa Tanga, anahesabu maneno kama muuza duka anavyohesabu maharage. Jumatatu anaosha migongo ya wazee, Jumanne anawafuta kidevu, Jumatano anawakata kucha, na Jumapili anakuja kuniambia mimi sijui muziki. Akamaliza kwa vina, akainama, akaninyooshea mkono, kama anayesema haya, zamu yako.

Ukumbi ulicheka. Mama wa Tanga nilimwona akigeuza kichwa kumuuliza jirani yake. Masikio yaliniwaka. Niliona baba amesimama gengeni anaulizwa habari za binti yake muuguzi. Sikuona mzee anayecheza nami. Nilimwona mtu aliyechukua siri yangu akaianika mbele za watu, na shangazi yangu marehemu akaamka kifuani mwangu. Nilihesabu vidole nyuma ya gauni. Kisha nikaimba, polepole, kwa mahadhi mazuri kuliko yote niliyowahi kuimba:

*Mpuliza tarumbeta, kwako nani akwitika,*
*Mwanao ulomuata, machozi yakidondoka,*
*Leo baba wajiita, kwa wageni wasotaka,*
*Siku moyo utasita, hakuna wa kukuzika.*

Wasiojua Kiswahili walipiga makofi. Wanaojua walitazamana. Yule Mkenya wangu aliweka sahani chini. Mzee alikuwa anang'aa uso mzima. Alinyanyua tarumbeta akanijibu kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na kila niliposimama alijaza, na nilipoimba ubeti ule mara ya pili, maana niliurudia, alijaza zaidi. Hatukuwahi kupiga vizuri vile. Jambo hilo linanisumbua kuliko yote.

Baadaye mama mmoja Mrundi alinivuta pembeni, jikoni, akaniuliza taratibu, akiniita binti kwa Kifaransa: "Ma fille, ule muzee iko na umri ya baba yako. Alikukosea nini?" Nikamwambia alinitangaza kazi yangu. Akanitazama bila kuelewa. "Kazi gani? Ya kulinda bazee? Siye wote tunafanya ile." Na ilikuwa kweli. Nusu ya wanawake wa ukumbi ule waliosha migongo Jumatatu. Mama wa Tanga mwenyewe, nilikuja kujua, alifanya usafi hospitalini. Baba zilimfikia habari wiki ile ile, na alichouliza kwenye simu ni kama wazee wa huko ni wasumbufu.

Basi niliificha aibu ambayo haikuwa na mwenyewe, na kwa ajili yake nilimchoma mtu.

Alhamisi nilikwenda Macquarie Fields nikiwa nimepoa. Njia nzima nilijipangia namna ya kumwambia. Nilimkuta amepika, ameweka mashine ya kurekodia mezani, na amesafisha vikombe viwili. Aliutaka ubeti ule. Alisema hajawahi kusikia kitu kilichokaa vizuri vile juu ya besi. Nikauimba kwenye mashine, sauti ikinitetemeka, naye akadhani ni hisia za wimbo. Ndipo akauliza maana yake.

Mdomo ulikuwa wazi. Ukweli ulikuwa hapo hapo, mistari minne tu.

"Ni dua," nilisema. "Namwombea msafiri. Aitikiwe kwake, mwanawe amfute machozi, wageni wampokee, na siku yake ikifika asikose wa kumzika."

Ni uongo niliouunda kwa ustadi. Kila mstari niliugeuza nje ndani. Aliigusa mashine, akauondoa mkono.

"Dua," alisema. "Mimi nilidhani utaniuma."

Nikacheka, nikamjibu kwamba kwetu wazee hawaumwi. Akatikisa kichwa pole pole, akaniomba radhi kwa aliyoyasema ukumbini. Alisema alinifanyia mchezo wa kwao bila kuuliza kama nautaka, na kwamba mtu aliyemjibu kwa dua hakustahili maneno yale. Nikamwambia yamekwisha. Hivyo ndivyo nilivyopokea radhi yake, mimi niliyepaswa kumpa yangu, tukala mbaazi.

Ubeti aliuhifadhi kwa moyo. Mimi ndiye niliyemfundisha kutamka. Alikuwa akisema "mwanawo" nikamsahihisha, akaichanganya "akwitika" nikamrudisha mara kumi, maana sikuweza kuvumilia shairi lenye mizani likachakazwa, hata hilo. Akaanza kufungulia nalo kila Jumapili. Alikuwa akisimama na koti lake, anawaambia wale watu thelathini kwamba hii ni dua aliyopewa na mwanamke wa Tanga, kisha anaimba kwamba hakuna wa kumzika. Alipotoa sidii, ubeti ulichapwa ndani, jina lake "Dua". Mimi ndiye niliyekagua herufi. Nakala ya kwanza aliituma Uingereza.

Kwa miaka ile yote Mkenya aliniuliza labda mara mbili kwa mwaka, bila kunikazia sana: "Ulishamwambia?" Nilikuwa nikimjibu bado. Akaacha kuja klabuni. Wanafunzi wapya waliojua Kiswahili sikuwaalika tena, na kijana mmoja wa Dar aliyejileta mwenyewe nilimwambia ni kejeli ya kisanii, kwamba mzee anajisema makusudi. Kijana alivutiwa sana. Nilijisikia vibaya kwa dakika chache, nikasahau mpaka Jumapili iliyofuata.

Kitu nilichochelewa kukiona ni hiki: mzee hakunirushia tena ubeti hata mmoja. Tulipiga pamoja, nilisoma, alijaza, watu walifurahi. Lakini hakuniita profesa tena. Hakunitania. Mpiga ngoma alimrushia maneno na wakacheka wawili, mimi nikasimama kando nimeshika karatasi, nikitunzwa kama mgeni wa heshima. Nilidhani amezeeka. Wakati mwingine, nikiwa na woga, nilidhani ameambiwa.

Mwaka wa sita, Mkenya, ambaye sasa alikuwa muuguzi kamili hospitalini Liverpool, alinipigia nikiwa kazini, saa nne asubuhi.

"Mzee wako ako wodi yetu," alisema. "Ni stroke. Haongei, hata jina lake hawezi. Lakini anaimba." Akashusha sauti. "Unajua anaimba nini."

Kazini kwangu nilikuwa nimewaona wengine wa kiharusi cha namna ile. Maneno ya kusema yanafutika, yale yaliyoimbwa mara elfu yanabaki. Mwingine anabakiwa na wimbo wa kanisani, mwingine na wa shule. Mzee, katika vitabu vyote vile na mashairi yote aliyoandika kwa mkono wake, alibakiwa na ubeti wangu.

Nilikwenda mchana. Alikuwa dirishani, upande wa kulia umepooza, tarumbeta ndani ya sanduku lake chini ya kitanda. Aliponiona alifungua mdomo kunisalimu na kukatoka *mpuliza tarumbeta*, kwa matamshi niliyomfundisha, safi. Aliusikia mwenyewe, akatikisa kichwa kwa hasira, akajaribu tena, ukatoka tena. Mkenya alikuwa anabadilisha shuka la jirani. Hakunitazama. Alisema tu, kama anayesema na shuka, "Miaka sita, wewe."

Binti yake alifika baada ya siku nne. Hospitali ilipata namba yake kwenye risiti ya posta ya ile sidii, ndani ya sanduku la tarumbeta. Alikuwa na paji la uso la baba yake na namna ile ile ya kukaa na koti. Alikaa kitandani, baba akamshika mkono kwa ule mmoja uliobaki, akamwimbia. Mistari yote minne, machozi yanamtoka, na ilikuwa dhahiri anajaribu kumwambia kitu kingine. Alipomaliza akaanza upya.

Binti alinifuata kwenye korido. Alisema anaufahamu wimbo ule, aliusikia katika sidii iliyotumwa, na ndani imeandikwa ni dua. Lakini alitaka kujua neno kwa neno, kwa sababu alihisi baba yake anamwambia yeye.

Ningeweza kumpa ile dua. Nilikuwa nayo tayari, imenyooka, nimeisema mara nyingi mpaka imelainika. Ingemfaa. Angerudi ndani akaupokea kama msamaha. Lakini nilimwona yule mzee akiimba, akitikisa kichwa, akiimba, nikashindwa. Nikamwambia kwanza alichonifanyia mzee ukumbini, kisha nikamfasiria mstari kwa mstari, bila kupunguza.

Alisimama ameegemea ukuta. Akaniomba nirudie wa pili, ule wa mtoto. Nikaurudia.

"Ni kweli yote," alisema, "isipokuwa wa mwisho. Mimi ndiye nitakayemzika."

Kisha alicheka, kicheko kilichochanganyika na kulia, akajifuta kwa mkono wa koti. Aliniambia alilelewa na bibi yake kisiwani mpaka umri wa miaka kumi na mbili, na kila mwaka walikwenda kuwasikiliza waimbaji. Mtu akikurushia ubeti, kule, anakwambia wewe ni saizi yake. Ukimuuma, umemkubali. Ukimjibu kwa dua umemwambia mbele za watu wote kwamba umemwonea huruma, kwamba hafai kugombana naye.

"Angecheka mpaka aanguke," alisema. "Angekutafutia jibu wiki nzima. Kwa nini hukumwambia?"

Nilikuwa nimejiandaa kuchukiwa kwa lile tusi, nimelibeba miaka sita kama mzigo, kumbe tusi ndilo alilokuwa analiomba pale ukumbini amenyoosha mkono. Nilichomnyima ni ukweli wake. Nilimpa dua asiyoihitaji na nikamwacha miaka sita akidhani alicheza peke yake.

Binti alinisukuma begani. "Mwambie sasa. Anasikia."

Niliingia. Nilivuta kiti, nikakaa upande wa mkono wake mzima, nikaushika, nikamwambia kwa Kiingereza, taratibu, kwamba haikuwa dua kamwe. Nikampa mstari wa kwanza. Nikampa wa pili, binti yake amesimama nyuma yangu. Nikampa wa tatu. Nikampa na wa nne. Halafu nikasema: nilikuuma, mzee, nilikuuma kwa nguvu zangu zote, na nilikudanganya.

Kitu kikaanza kusogea katika ule upande mzima wa uso wake, nikaogopa ni kilio, lakini kilikuwa kicheko. Mdomo ulipanda upande mmoja, jicho likang'aa kama siku ile Liverpool. Mkono wake ukaachia wa kwangu ukaanza kupiga juu ya blanketi, moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne. Ananihesabia. Alikuwa na jibu. Nililiona linamjia, nikaona anachagua pa kuniuma, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

*Mpuliza tarumbeta,* aliimba, *kwako nani akwitika.*

Akasimama. Akatikisa kichwa, akahesabu upya, akavuta pumzi. Ukatoka ule ule. Nikainama karibu, nikamngoja katikati ya mshororo kama alivyonifundisha, nikamngoja kila mstari, mpaka mwisho. Zamu ilikuwa yake, na hakubakiwa na maneno mengine ila yangu.